Memori kadi ya kamera: namna ya kuichagua, kuijaribu na kuitunza Unguja na Pemba

Ukiingia duka la simu na kamera Darajani au Chake Chake ukasema unataka memori kadi, utaulizwa: "Ya GB ngapi?" Swali hilo lina nafasi yake, lakini si la mwanzo. La mwanzo ni una kamera gani. La pili ni unapiga nini nayo. La tatu, ambalo dukani huulizwi, ni kadi hiyo inaandika megabaiti ngapi kwa sekunde bila ya kusita. Kadi mbili za GB 64, za rangi moja na kampuni moja, zinaweza kukaa pamoja ndani ya kabati la kioo, na bado moja ikarekodi nikahi nzima kwa 4K na nyengine ikakata video kabla khutba haijamalizika.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Anayeanza na GB hununua mara mbili.

Hatua ya 1: Jua kamera inakubali nini

Fungua kijilango cha kadi uangalie tundu lenyewe, kisha fungua kitabu cha kamera kurasa za mwisho, kwenye orodha ya vipimo. Ukiwa umenunua kamera ya mitumba isiyo na kitabu, kipakue kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza kwa kutumia jina kamili la modeli. Unatafuta mambo matatu: umbo la kadi, kizazi chake, na aina ya njia ya data inayotumika (UHS-I, au UHS-II iliyo ya kasi zaidi).

Kamera nyingi hutumia SD, kile kijikadi cha milimita 32 kwa 24 chenye kona moja iliyokatwa. Kamera ndogo za michezo na droni hutumia microSD. Kamera kubwa za zamani, mfano Canon 5D Mark II ya 2008, hutumia CompactFlash, iliyo pana zaidi na yenye matundu madogo madogo ukingoni badala ya vijino vya rangi ya dhahabu. Kamera mpya za bei ya juu, kama Canon R5 na Nikon Z9, hutumia CFexpress ya aina B. Sony wao wana aina A, ambayo ni ndogo zaidi. A haiingii kwenye tundu la B, wala B haiingii kwenye la A, hivyo usiagize kwa kusema "CFexpress" tu.

Kwa wenye SD, ambao ndio wengi, angalia vizazi. Kadi iliyoandikwa SD peke yake inaishia GB 2. SDHC, iliyokuja 2006, inakwenda mpaka GB 32. SDXC, iliyotangazwa 2009, inaanzia juu ya GB 32 na ukomo wake ni TB 2. Kamera inayokubali SDXC inazikubali zote zilizotangulia, lakini kinyume chake si kweli: kamera iliyotoka kabla ya 2009 ukiitia kadi ya GB 64 itakuambia kadi haisomeki, na wewe utadhani kadi mbovu. Wapo wanaoifomati kadi ya GB 64 kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili, ili kamera ya zamani idanganyike. Mara nyengine inakubali. Kwa kazi ya kulipwa usijaribu. Nunua GB 32 mbili.

FAT32 hiyo hiyo ndiyo sababu ya jambo jengine linalowashtua watu. Haiwezi kubeba faili moja kubwa kuliko GB 4, kwa hivyo kamera yenye kadi ya GB 32 huikata video ndefu vipande vipande. Full HD ya megabiti 50 kwa sekunde hufika ukomo huo kwa dakika 11 hivi. Vipande havipotezi kitu, vinaungwa kwenye programu ya kuhariri. Kadi za GB 64 na kuendelea hutumia exFAT, na kwenye kamera nyingi mpya video inabaki faili moja. Lakini kamera nyingi za miaka ya nyuma huacha kurekodi zikifika dakika 29 na sekunde 59 hata kadi iwe tupu. Chanzo chake ni taratibu za ushuru wa forodha za Ulaya, zilizozihesabu kamera zinazovuka dakika 30 kuwa kamera za video. Kadi haina kosa hapo. Kwenye mawaidha marefu, kaa karibu na kitufe.

Kama kamera ina matundu mawili, usidhani yako sawa. Sony A7 III ina tundu la kwanza la UHS-II na la pili la UHS-I. Canon 5D Mark III ina CompactFlash yenye kasi, na pembeni yake tundu la SD lisilojua UHS kabisa, kwa hivyo kadi ya bei mbaya ukiitia humo inatambaa. Na ukiiamuru kamera iandike picha ile ile kwenye kadi zote mbili, kasi yako ni ya ile iliyo nyuma.

Hatua ya 2: Isome kadi yenyewe

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea, kwa sababu uso wa kadi umejaa nambari na kubwa kuliko zote ndiyo yenye manufaa madogo.

Chukua kadi ya GB 64 uigeuze kwenye mwanga. Juu pameandikwa 170 MB/s au 200 MB/s. Hiyo ni kasi ya kusoma, yaani kasi ya kuhamisha picha kutoka kadi kwenda kompyuta, na ni kasi ya juu kabisa katika hali nzuri kabisa. Kiwango cha UHS-I chenyewe kinaishia MB 104 kwa sekunde. Kadi ya UHS-I inayojitangaza 170 inafika huko kwa kisoma kadi maalumu kinachojua ufundi wa kampuni hiyo. Ndani ya kamera hufiki. Kasi ya kuandika, ambayo ndiyo kamera inayoihitaji, huwa imeandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya pakiti au haikuandikwa kabisa. Kadi yenye 170 mbele inaweza kuandika 90, na nyengine ya 100 mbele ikaandika 20 au 30.

Sasa tafuta alama ndogo. Kuna nambari ndani ya duara lililo wazi kama herufi C: 2, 4, 6 au 10. Ni MB kwa sekunde ambazo kadi inaahidi kutoshuka chini yake wakati wa kurekodi video. Kuna nambari ndani ya umbo la herufi U: 1 maana yake si chini ya MB 10, na 3 si chini ya MB 30. Kuna herufi V na nambari mbele yake: V6, V10, V30, V60, V90, na nambari hiyo ndiyo MB zenyewe. Alama hizi ndizo za kuzitegemea, kwa kuwa zinasema kadi haitashuka chini ya kiasi gani, si itapanda mpaka wapi. Kadi moja inaweza kubeba zote tatu: C10, U3 na V30 pamoja. Shika ile ya juu kabisa.

Alama nyengine ni I au II ya Kirumi, imesimama peke yake karibu na jina la SDXC. Hiyo ni njia ya data: UHS-I au UHS-II. Usiichanganye na U1. Wauzaji wengi huchanganya, na utasikia "hii ni U1, ya zamani" kumbe anaonyesha I ya Kirumi kwenye kadi ya V30. Njia ya kuhakikisha ni kuigeuza kadi: UHS-I ina safu moja ya vijino vya dhahabu, UHS-II ina safu mbili. Safu ya pili haighushiki kwa wino.

UHS-II inafika MB 312 kwa sekunde kwenye kiwango chake, na bei yake inalingana na sifa hiyo. Inaingia kwenye tundu la UHS-I bila ya matatizo, ila itafanya kazi kwa kasi ya UHS-I, wakati mwengine hata polepole kuliko kadi nzuri ya UHS-I. Mwenye Canon 2000D, ambayo tundu lake si la UHS-II, akinunua UHS-II amemfaidisha muuzaji.

A1 na A2 ni za simu zinazoendesha programu kutoka kwenye kadi. Kamera haina habari nazo. Ukiona kadi imeandikwa 633x au 1066x, zidisha na 0.15 upate MB kwa sekunde: 633 inakuwa kama 95, 1066 kama 160. Nazo pia ni za kusoma.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya kasi unayoihitaji

Video kwanza, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi. Kamera huandika kiwango cha video kwa megabiti, kadi kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Gawa kwa nane.

Full HD ya megabiti 50 ni MB 6.25 kwa sekunde. Kadi ya C10 orijino inatosha na inabaki. 4K ya megabiti 100 ni MB 12.5: U1 haifiki, chukua U3 au V30. Kamera za Sony zenye 4K ya megabiti 100 zinadai U3 na bila ya hiyo zinakataa kuanza kurekodi. Megabiti 200 ni MB 25, V30 bado inatosha. Megabiti 400, kama kwenye Panasonic GH5, ni MB 50: hapo ndipo V60 inapohitajika. V90 ni ya wanaorekodi juu ya hapo, na Visiwani hao ni wachache.

Kadi isipotosha utaiona kwenye kioo. Kamera nyingi za Canon huonyesha kijimstari chenye vigawanyo vitano upande wa kulia wakati wa kurekodi. Vikianza kupanda kimoja kimoja, kadi inashindwa kumaliza kazi inayopewa; kikijaa cha tano, video inasimama yenyewe. Ukiviona vinapanda na kadi nyengine huna, shusha kiwango cha video hapo hapo.

Picha za mnato zina mambo yake. Kamera haiandiki picha moja kwa moja kwenye kadi. Inaiweka kwanza kwenye kumbukumbu yake ya muda, ambayo mafundi huiita bafa. Bafa ni ndoo chini ya mfereji: wewe unamimina kwa kubonyeza, kadi inatoa maji kwa tundu la chini. Picha mojamoja za bibi harusi amekaa hazijazi ndoo. Kinachojaza ni kupiga mfululizo: Mwaka Kogwa kule Makunduchi wanaume wanapopigana kwa mabua ya migomba, mchezo wa ng'ombe Pemba, mpira, ndege.

Chukua kamera ya megapikseli 24 inayopiga picha 5 kwa sekunde kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. RAW moja iliyobanwa ni MB 28 hivi, kwa hivyo unamimina MB 140 kwa sekunde. Tuseme bafa inashika picha 20. Kwa kadi inayoandika MB 20, ukishaijaza utapata picha moja kila sekunde moja na nusu, na kuisafisha bafa yote inachukua kama nusu dakika. Kwa kadi inayoandika MB 80 unabaki na picha karibu 3 kwa sekunde, na bafa inasafika kwa sekunde 7. Tofauti hiyo ndiyo picha ya pigo na picha ya watu wameshatawanyika. Ukiwa na kadi ya polepole na huna budi, badili kwenda JPEG, picha ya kawaida iliyochakatwa na kubanwa: faili inashuka mpaka MB 8 au 10.

Hukumu yetu kwa anayetaka jibu fupi: V30 ya UHS-I inayoandika MB 80 au zaidi inatosheleza kazi karibu zote zinazofanyika Unguja na Pemba, kuanzia harusi hadi watalii wa Forodhani. Juu ya hapo, nunua pale kitabu cha kamera kinapodai.

Hatua ya 4: Sasa GB

RAW na JPEG pamoja kwa kamera ya megapikseli 24 ni kama MB 37 kila ukibonyeza. Picha 600 za harusi ni GB 22. Full HD ya megabiti 50 ni GB 22.5 kwa saa. 4K ya megabiti 100 ni GB 45 kwa saa. Jumlisha kazi yako ya siku moja, ongeza theluthi, ndio mzigo wako.

Kisha ugawe. Mzigo wa GB 120 ubebe kwa GB 64 mbili au tatu, si kwa GB 256 moja. Kadi ikifa, ikaibiwa au ikatumbukia baharini kwenye ngazi za boti, unakuwa umepoteza nikahi au umepoteza kupambwa, hukupoteza harusi nzima. Kamera yenye matundu mawili iandike nakala kwenye zote mbili. Yenye tundu moja, badilisha kadi baada ya kila tukio hata kama haijajaa. Wapo wanaosema kubadilisha kadi mara kwa mara kunachosha tundu. Ni kweli kwa CompactFlash, ambayo vijisindano vyake ndani ya kamera vinapinda ukiitia kwa nguvu, lakini SD hustahimili.

GB 64 utakayoitia kwenye Windows itaonyesha 59.6. Usirudi dukani kugombana. Kampuni inahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Kadi ni ile ile. GB 32 inasoma 29.8, na 128 inasoma 119.

Hatua ya 5: Dukani

Ndani ya kadi mna chipu ya kusimamia, ambayo ndiyo inayoiambia kamera ukubwa wa kadi. Mghushi anaipanga upya iseme uongo: chipu ya GB 8 inajitangaza kuwa GB 128. Kamera inaamini, kompyuta inaamini, ukiifomati inakubali. GB 8 za mwanzo zinaandikwa vizuri, ndiyo maana ukiijaribu dukani kwa picha tatu inafanya kazi. Ukivuka hapo, ama picha mpya zinaandikwa juu ya zile za zamani ama zinakwenda hewani. Majina ya faili yapo, idadi ipo, pengine hata picha ndogo ya utangulizi ipo. Ukifungua, nusu ya chini ni kijivu.

Aina ya pili ya feki ni yenye GB za kweli na kasi ya uongo: kadi ya C4 iliyobandikwa lebo ya V30. Hii haipotezi picha, inakata video tu.

Macho husaidia kidogo. Angalia maandishi ya lebo kama yamekaa sawa na wino haufutiki ukiusugua kwa kidole chenye unyevu. Angalia nyuma kama pana nambari za kiwandani zilizochapwa safi. Angalia kama nambari za kadi zinalingana na za pakiti. Jina linalouzwa sana ndilo linaloghushiwa sana, kwa hivyo jina kubwa lisikupumbaze. MicroSD ya TB 1 au 2 kwa bei ya sahani chache za biriani, iache pale pale. Na usimdhanie vibaya muuzaji kila mara. Mara nyingi naye kaletewa boksi zima asijue lililomo.

Kabla ya kulipa, mwambie: "Kaka, nitaijaribu yote leo, ikishindwa naileta kesho." Mwenye mali safi hana wasiwasi. Mwambie aandike aina na GB kwenye risiti, na pakiti usiitupe.

Hatua ya 6: Ijaribu yote kabla ya kazi

Jaribio la kweli ni kuijaza kadi mpaka juu na kuisoma tena. Kwenye Windows tumia H2testw, programu ndogo ya bure isiyohitaji kusakinishwa.

1. Ifomati kadi ndani ya kamera, kisha itie kwenye kisoma kadi. Iwe tupu kabisa.
2. Fungua programu. Inafunguka kwa Kijerumani. Juu pana chaguo la Kiingereza.
3. Chagua kadi. Angalia mara mbili ni kadi kweli, si diski yako ya nje.
4. Acha ichague nafasi yote iliyopo, kisha bonyeza kitufe cha kuandika na kuhakiki.
5. Subiri. Kisoma kadi cha USB 2.0 hakivuki MB 35 hivi kwa sekunde, kwa hivyo GB 64 itachukua nusu saa kuandika na nusu saa kusoma. Cha USB 3, ambacho mara nyingi kina plastiki ya buluu mdomoni, kinamaliza haraka zaidi.
6. Mwisho inakupa ripoti. Kosa hata moja, data iliyopotea hata kidogo, kadi inarudi dukani. Ripoti inaonyesha pia wastani wa kasi ya kuandika. Ulinganishe na unachokihitaji, ila ukumbuke kwamba kwa USB 2.0 nambari hiyo ni ya kisoma kadi, si ya kadi.
7. Ifomati tena ndani ya kamera.

Kwenye Mac na Linux kuna F3, inayofanya kazi hiyo hiyo kwa amri mbili, f3write na f3read. Ikiwa kompyuta huna, weka kamera kwenye chaja au betri iliyojaa, chagua video ya kiwango cha juu kabisa, rekodi feni inayozunguka mpaka kadi ijae. Kisha cheza faili ya mwanzo, ya kati na ya mwisho, kila moja mpaka mwisho wake. Ni polepole, na inakuonyesha uongo wa GB na uongo wa kasi kwa pamoja.

Kwa picha za mfululizo: fokasi kwa mkono, spidi ya shata 1/500, RAW, shikilia kitufe sekunde 30. Hesabu picha zilizopatikana, kisha hesabu sekunde mpaka taa nyekundu izime. Fanya hivyo kwa kadi zako zote uandike matokeo. Utajua ipi ya kuipeleka Makunduchi na ipi ya kuiacha kwa picha za pasipoti.

Kadi kazini

Ifomati ndani ya kamera utakayoitumia, kila baada ya kuhamisha picha na kuhakikisha zimefunguka kwenye sehemu mbili. Usifute picha mojamoja ukitafuta nafasi. Kadi inajaa vipande vipande na ahadi ya V30 inaanza kulegea. Usihamishe kwa kukata na kubandika, nakili tu: umeme ukizimika katikati ya kukata, faili linaweza kubaki nusu huku na nusu kule.

Taa nyekundu ikiwaka, kamera inaandika. Usifungue kijilango, usitoe betri. Betri badilisha ikiwa bado ina kidogo, kwani kamera ikizimika katikati ya kuandika, kinachoharibika si picha moja tu, inaweza kuwa orodha nzima ya mafaili.

Ziandike kadi nambari 1, 2, 3 kwa kalamu nyembamba juu ya lebo yake. Karatasi ya kunata usibandike. Kwa joto letu gundi inalainika, karatasi inakunjika ndani ya tundu na kadi haitoki. Kwenye kiboksi, kadi tupu ikae uso juu, iliyojaa ikae uso chini.

Kijiswichi cha pembeni hakikatishi waya wowote ndani ya kadi. Kinaionyesha kamera tu kwamba kadi imefungwa. Kikilegea na kujisogeza, kamera itakataa kuandika kadi ikiwa nzima. Kadi hiyo ibadilishe, usiitie utepe.

MicroSD ndani ya adapta inafaa siku ya dharura. Kila kiungo cha ziada ni mahali pa kutu na kulegea, na adapta nyingi hazina safu ya pili ya vijino.

Bahari nayo ina dai lake. Hewa ya chumvi kwenye boti ya Misali au Mnemba inaacha utando mweupe kwenye vijino, na kamera inaanza kusema kadi haipo. Weka kadi kwenye kiboksi chenye mpira wa kuziba pamoja na vifuko vya silika, hasa wakati wa masika. Vijino vichafu vipanguse kwa kitambaa kisicho na nyuzi chenye tone la spiriti ya isopropili, viache vikauke. Usivikwangue kwa kisu wala kwa kifutio. Usibadilishe kadi kwenye upepo wa mchanga; geuka, upepo uwe mgongoni, kamera ielekee chini.

Kadi ikianguka baharini haijafa. Isuuze kwa maji baridi safi, iache kivulini siku nzima au mbili, si juu ya bati wala mbele ya pasi. Usiitie kwenye kamera ikiwa na unyevu. Ikishakauka, itie kwenye kisoma kadi, nakili kila kitu, kisha uistaafishe.

Picha zikipotea

Acha kupiga papo hapo na usukume kijiswichi kwenye kufunga. Kompyuta ikiuliza kama ifomati, kataa. Picha iliyofutwa bado ipo mpaka kitu kengine kiandikwe juu yake. Tumia PhotoRec, ya bure kwa Windows, Mac na Linux, na uielekeze iweke inachokipata kwenye diski nyengine, kamwe si kwenye kadi ile ile. Majina ya faili utayapoteza, picha nyingi utazipata. Kadi iliyowahi kupoteza picha bila ya sababu inayojulikana hairudi kazini.

Kabla ya kuiuza au kuiazima

Programu hiyo hiyo inayokurudishia picha humrudishia pia mtu mwengine. Harusi zetu zina upande wa wanawake: singo, kupambwa, kesha, watu bila ya mitandio wakiamini mpiga picha. Kuifomati kadi kwenye kamera kwa njia ya kawaida kunafuta orodha tu. Picha zenyewe zimebaki chini. Kwa hivyo ifomati, kisha endesha H2testw mpaka kadi ijae, kisha ifomati tena. Imejaa data isiyo na maana, na kilichokuwemo kimefunikwa. Usipokuwa na kompyuta, ijaze kwa video ya ukuta mpaka mwisho. Kadi iliyokufa isiyoandikika tena, ivunje chipu kwa nyundo kabla ya kuitupa.